Neno la Akina Mama wa Accra

Historia tusomayo shuleni aghalabu ni historia ya watu wazima. Twasoma habari za wafalme na vita vyao, za mabaharia na safari zao, za mikataba iliyotiwa sahihi na mipaka iliyochorwa kwa kalamu. Ni nadra kusoma habari za mtu ambaye bado hajui kusema. Walakini kila mfalme alikuwa mtoto kwanza: alinyonya, akalikizwa, akabembelezwa mpaka akalala. Kama kulikizwa kwake kungalimshinda, pasingalikuwa na mfalme wala vita. Katika insha hii nataka kueleza jinsi hatari ya siku hizo za utoto ilivyotambuliwa na matabibu, na jinsi neno moja la akina mama wa Afrika ya Magharibi lilivyoingia katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima.

Kumlikiza mtoto ni kumwachisha ziwa la mama yake. Neno hili ni ndugu wa neno likizo, ambalo ninyi wanafunzi mwalijua sana na kulipenda. Lakini mwanafunzi huishangilia likizo yake, na mtoto hukulilia kulikizwa kwake. Ana haki ya kulia. Mpaka siku ile ziwa lilikuwa chakula chake, faraja yake na usingizi wake. Akishikwa na njaa alipewa ziwa. Akianguka akaumia alipewa ziwa. Giza likiingia alinyonya mpaka macho yakafumba. Mchana alikaa mgongoni katika mbeleko, usiku alilala ubavuni mwa mama. Akilikizwa kwa sababu ndugu yake amezaliwa, hupoteza vyote kwa mara moja. Ziwa ni la mdogo wake, mgongo ni wa mdogo wake, na ubavu pia.

Wazazi wa zamani waliijua taabu hii, na kila jamii ilikuwa na njia zake za kuipunguza. Waislamu wa pwani walifuata mafundisho ya Kurani, ambayo yataja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na ambayo yaruhusu mtoto aachishwe mapema ikiwa baba na mama wameshauriana na kuridhiana. Mama wengine walipaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto auone uchungu na kuliacha ziwa mwenyewe. Wengine walimpeleka kwa bibi yake kwa muda, akabembelezwa huko, akasahau. Mambo haya hayakuandikwa na tabibu yeyote. Yalitoka katika mazungumzo ya wazazi kisimani, jikoni na shambani. Mwenye watoto watano akimweleza mwenye mmoja, na mwenye mmoja akimsikiliza.

Katika mazungumzo hayo wazazi walikuwa wameona jambo moja zito: kwamba mtoto ambaye mama yake amepata mimba upesi mara nyingi hudhoofika. Kwa Kiswahili twalo neno kubemenda, nalo ni kumdhuru mtoto mchanga kwa njia hiyo. Kwa Luganda liko neno obwosi, ambalo ni ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amechukua mimba nyingine kabla yeye hajakomaa. Wamijikenda nao wana neno chirwa, ambalo hueleza udhaifu wa mtoto ambaye wazazi wake, kwa itikadi za jamii, wamevunja miiko ya ndoa. Maneno haya yana mambo mawili ndani yake. Yana ushahidi, maana watu waliona kwa macho kwamba mtoto alidhoofika wakati fulani na si wakati mwingine. Tena yana lawama, maana mzazi, na khasa mama, aliambiwa kwamba kosa ni lake. Ushahidi ulikuwa wa thamani kubwa. Lawama haikumponya mtoto hata mmoja.

Sasa tuvuke bara mpaka pwani ya magharibi, katika nchi iliyoitwa Gold Coast wakati ule, ambayo tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Mwaka 1929 alifika huko daktari mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams. Alizaliwa Jamaica mwaka 1893, akasoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Siku zile madaktari wanawake walikuwa wachache, na serikali ya kikoloni iliwalipa mshahara mdogo kuliko wanaume. Alipewa kazi ambayo wengi hawakuiona kuwa na sifa, nayo ni kuwatunza akina mama na watoto wachanga katika mji wa Accra na jirani zake.

Hapo aliwaona watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne ambao ugonjwa wao haukuelezwa katika vitabu alivyosoma. Miguu na mikono yao ilivimba. Ngozi yao ilipata mabaka meusi, kisha ikabambuka kama iliyoungua. Nywele zao zilipoteza weusi, zikawa nyepesi na nyekundunyekundu. Tena walikuwa wenye huzuni. Hawakucheza, hawakutaka kula, na wakiguswa walilia kwa sauti ya unyonge. Kwa kuwa miili yao ilivimba, mtu asiyejua angeweza kudhani kwamba wamenenepa. Kumbe maji ndiyo yaliyojaa mwilini, na chini ya maji hayo nyama ilikuwa imekwisha. Wengi walikufa.

Madaktari wengine waliowahi kuwaona watoto kama hao walisema kwamba huo ni ugonjwa wa pelagra, ambao ulijulikana kwa watu wanaoishi kwa mahindi matupu. Daktari Williams hakuridhika. Aliona kwamba pelagra hushambulia ngozi mahali panapopigwa na jua, na mabaka ya watoto hawa hayakufuata jua. Akafanya jambo rahisi ambalo wakubwa wengi hawakulifanya: akawauliza mama zao. Aliwauliza mtoto alinyonya mpaka lini, aliachishwa kwa sababu gani, alipewa chakula gani baadaye, na ugonjwa ulianza siku zipi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Naye aliuliza, akajifunza.

Akina mama na wauguzi wa Accra walimwambia kwamba ugonjwa huo wanaujua, na kwamba una jina. Kwa lugha yao ya Kiga waliuita kwashiorkor. Walimfahamisha kwamba ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati ndugu yake mdogo anapozaliwa. Angalia, msomaji, jinsi neno hilo lilivyobeba elimu. Halikusema kwamba ugonjwa ni wa miguu, au wa ngozi, au wa nywele, ingawa hayo ndiyo yaliyoonekana. Lilitaja saa ambayo ugonjwa huingia, na mlango upitiao. Mtoto ametolewa kwenye ziwa, akawekwa mbele ya uji wa mahindi. Uji ulimjaza tumbo. Haukumpa alichohitaji ili akue.

Mwaka 1933 Daktari Williams aliandika habari za ugonjwa huo katika jarida la utabibu la Uingereza, akaeleza kwamba wahusiana na chakula cha mahindi, na kwamba huenda upungufu wa protini ndio sababu. Mwaka uliofuata Daktari Hugh Stannus, bingwa mashuhuri wa pelagra, alijibu kwa maandishi kwamba hakuna ugonjwa mpya hapo, bali ni pelagra ile ile. Daktari Williams hakurudi nyuma. Mwaka 1935 aliandika tena, katika jarida la Lancet, na safari hii aliuita ugonjwa kwa jina lake, yaani jina walilompa akina mama. Ndipo neno la Kiga lilipochapishwa London. Leo neno hilo laandikwa katika lugha nyingi, nasi katika Kiswahili twasema kwashakoo.

Kwa muda mabingwa walibaki na maneno yao wenyewe. Hata hapa Afrika ya Mashariki mambo yalikuwa vivyo hivyo. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye kuhamia Uganda mwaka 1935, aliona watoto waliovimba na nywele zao kugeuka rangi, naye kwa miaka kadhaa aliufikiri kuwa namna ya pelagra ya watoto. Lakini aliendelea kuchunguza, akabadili mawazo yake, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili wa Kampala, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, walitoa kitabu kikubwa ambacho jina lake lilikuwa neno hilo hilo moja, Kwashiorkor. Miaka miwili kabla yake, J. F. Brock na M. Autret, waliotumwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, walikuwa wametoa taarifa iliyoonyesha kwamba ugonjwa huo umeenea katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo yapata miaka ishirini ilipita tangu daktari mmoja kuwaamini akina mama mpaka ulimwengu kumwamini daktari. Miaka ishirini ni mingi katika maisha ya watoto.

Wakati huo Daktari Williams mwenyewe alikuwa ameondoka Afrika. Mwaka 1936 alihamishiwa Malaya, na huko akakutana na hatari nyingine ya siku za kunyonya. Makampuni yaliuza maziwa matamu ya kopo, na mauzo hayo yalifanywa kwa hila: wanawake waliovaa mavazi kama ya wauguzi walikwenda kwa akina mama, wakawasifia maziwa ya kopo kuwa bora kwa mtoto mchanga. Maziwa hayo yalikuwa na sukari nyingi, na yale yaliyoondolewa mafuta yalikosa vitamini. Tena maskini huyachanganya na maji mengi ili kopo lidumu, na maji yenyewe huwa si safi. Mtoto akapatwa na tumbo la kuendesha, akakonda, akafa. Mwaka 1939 Daktari Williams alisimama mbele ya wakubwa wa mji wa Singapore katika mkutano wa klabu ya Rotary, akatoa hotuba aliyoiita Maziwa na Mauaji. Aliwaambia kwamba vifo vya watoto vinavyoletwa na matangazo ya uongo kuhusu chakula chao vyapasa kuhesabiwa kuwa mauaji. Hayo yalikuwa maneno makali, tena yalisemwa mbele ya watu wa biashara.

Haukupita muda mrefu, vita vikafika. Wajapani waliuteka mji wa Singapore mwezi wa Februari 1942, na Daktari Williams akafungwa pamoja na wengi katika gereza la Changi mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Humo alionja njaa ambayo alikuwa ameiona kwa watoto wa wenzake. Alitoka hai, na mwaka 1948 alipewa kuongoza kazi ya afya ya mama na mtoto katika Shirika jipya la Afya Duniani. Alifariki mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 98.

Na tuirudie Afrika ya Mashariki, maana somo la maziwa lilikuja kufundishwa huku pia. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Mulago, huko Kampala, walifanikiwa kuwaponya watoto wengi wa kwashakoo kwa chakula kilichotengenezwa kwa maziwa ya unga. Lilikuwa jambo la kushukuriwa. Walakini wazazi waliomwona mtoto aliyekuwa mahututi akifufuka kwa maziwa yale walianza kufikiri kwamba maziwa ya dukani ni dawa, na chupa ya kunyonyea ikazidi kuheshimiwa kuliko ilivyostahili. Mtoto aliponywa wodini. Akirudi nyumbani, uji ulikuwa ule ule, na pesa za kununua maziwa hazikuwapo.

Kwa ajili hiyo, mwaka 1965, palianzishwa Mulago mahali pa kuwafundisha wazazi, pakaitwa Mwanamugimu, jina lililotokana na msemo wa Waganda juu ya mtoto mwenye afya. Hapo mama hakuketi kando kumtazama muuguzi. Alipika mwenyewe chakula cha mtoto wake, kwa vitu vipatikanavyo shambani kwake: ndizi za kupika pamoja na maharage au karanga zilizopondwa, na samaki au maziwa kidogo yakipatikana. Mchanganyiko huo waliuita kitobero. Mama aliona kwa macho yake mtoto akipungua uvimbe, akianza kucheka, kwa chakula ambacho hata nyumbani aliweza kukipika. Akirudi kijijini alikuwa mwalimu, na mtoto wake aliyepona alikuwa kitabu chake.

Lakini mtoto haishi kwa chakula peke yake. Nimesema kwamba anayelikizwa hupoteza pia mgongo na ubavu. Jambo hili nalo lilichunguzwa karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, na mtaalamu wa saikolojia aitwaye Mary Ainsworth. Alikuwa amesikia desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi wakati wa kulikizwa, akataka kujua huzuni ya kutengana na mama humpata namna gani. Alipofika aliona kwamba desturi hiyo imekwisha kupungua. Hakukata tamaa. Kwa miezi kadhaa, pamoja na mkalimani, alizitembelea nyumba za akina mama 26 waliokuwa na watoto 28, akaketi nao, akazungumza nao, akawatazama watoto wakilala, wakiamka, wakilia na kunyamazishwa.

Katika mambo aliyoyaona, moja lafaa kukumbukwa. Aligundua kwamba mama aliyeweza kueleza kwa urefu habari za mtoto wake, yaani apendavyo kulala, kimwogopeshacho, na maana ya kila kilio chake, ndiye ambaye mtoto wake aghalabu alikuwa mtulivu na mwenye kumtumaini. Si kwamba maneno yalimtuliza mtoto. Mama aliyekuwa na mengi ya kusema alikuwa ametazama mengi. Na aliyetazama alijua la kufanya mtoto alipolia. Kitabu cha Ainsworth kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na elimu iliyoanzia katika vyumba vile vya wageni vya Buganda yasomwa leo katika vyuo vikuu vingi. Siku zile palikuwa na walimu wa malezi huko Ulaya na Marekani waliowaambia wazazi wamnyonyeshe mtoto kwa kufuata saa, na wasimchukue kila anapolia, wasije wakamharibu. Mama mwenye mbeleko hakuwa na saa. Alikuwa na mgongo na sikio.

Tukirudi kwenye maziwa ya kopo, twaona kwamba hotuba ya mwaka 1939 ilikawia kuzaa matunda. Mnamo miaka ya 1970 watu wengi waliyapinga makampuni yaliyouza maziwa ya watoto katika nchi maskini, na mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za kampuni mojawapo. Mwezi wa Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo. Nchi 118 zilikubali, tatu hazikupiga kura upande wowote, na moja, yaani Marekani, ilikataa. Hapa Kenya Bunge lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2012, na sheria ya afya ya mwaka 2017 ikawataka waajiri watenge mahali ambapo mama aliye kazini aweza kumnyonyesha mtoto wake au kukamua maziwa.

Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama matupu kwa miezi sita ya kwanza. Kisha apewe vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2003, watoto wa chini ya miezi sita walionyonya maziwa matupu walikuwa 13 katika kila 100. Mwaka 2014 walikuwa 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Hayo ni maendeleo makubwa, tena hayakuletwa na sheria peke yake. Yaliletwa na wauguzi, na wahudumu wa afya waliotembea nyumba kwa nyumba, na akina mama walioketi pamoja wakaelezana.

Hata hivyo kwashakoo haijatoweka. Ukame ukija, au bei ya chakula ikipanda, mtoto aliyeachishwa ziwa huwa miongoni mwa wa kwanza kuonekana hospitalini. Wala wataalamu hawajamaliza kuuchunguza ugonjwa huu. Leo wengi husema kwamba upungufu wa protini peke yake hautoshi kuueleza, na kwamba maradhi ya tumbo na upungufu wa vitu vingine vina sehemu yao. Kwa hiyo yatupasa kusema kwa haki kwamba akina mama wa Accra hawakujua yote. Walijua ni mtoto yupi, na ni wakati gani. Hawakujua ni kitu gani kilichokosekana katika uji. Daktari naye alijua kupima na kuandika, lakini bila wao asingalijua atazame wapi. Kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu, na mtoto alipona nusu hizo zilipokutana.

Ninyi msomao kurasa hizi baadhi yenu mtakuwa madaktari, wauguzi, walimu na watawala. Na wengi wenu mtakuwa wazazi. Mtakuwa na vitabu ambavyo bibi zenu hawakuwa navyo. Siku moja ataketi mbele yenu mama asiyejua kusoma, mtoto mikononi, naye ataanza kueleza jambo kwa maneno ya lugha yake. Huenda maelezo yake yakawa marefu na foleni ikawa ndefu. Msimkatize. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pengine katika maneno yake limo jina la ugonjwa ambao vitabu vyenu bado havijauandika.